Mkalimani wa Mzee Olweny

Kosa la Akongo halikuanzia kanisani. Lilianzia sokoni, kwenye magunia ya mahindi, miaka kumi na saba kabla ya hayo yote, na wakati huo hakuna aliyeliita kosa. Waliliita kipaji.

Pale Busia upande wa Uganda, hatua chache kutoka kwenye geti la mpaka, wakulima wa Tororo huleta mahindi na mtama, na wanunuzi wa Kenya huvuka kuja kuvitafuta. Mkulima wa Kipadhola hajui Kiswahili cha biashara, na mnunuzi hajui hata salamu ya Kidhopadhola, lugha ya wakulima hao. Katikati yao husimama dalali kama Akongo. Mkulima akisema, "Mwambie huyu mwizi kwamba kwa bei hiyo heri nikalishe kuku wangu," Akongo humgeukia mnunuzi na tabasamu: "Mzee anakushukuru kwa kuja, anaomba uongeze kidogo." Mnunuzi akisema mahindi yamenyeshewa na mwenye mahindi naye ni mbichi kichwani, Akongo huyafikisha hivi: "Ameyapenda, anauliza tu kama yalianikwa vizuri." Wenzake huiita kazi hiyo kulainisha. Dalali asiyejua kulainisha hulala njaa, na biashara hugeuka ngumi.

Kwa hiyo kanisa lao dogo la mabati lilipopata mhubiri mpya, hakuna aliyejisumbua kuuliza mkalimani awe nani. Mhubiri alikuwa Mzee Olweny wa Nabuyoga, mtu wa miaka sabini na kitu, ambaye Kiswahili chake kilitosha kununulia chumvi tu. Waumini walikuwa Wasamia, Wateso, na Wakenya kadhaa waliovuka kila Jumapili. Akongo alikuwa Mpadhola wa Nagongera aliyeolewa kwa Wasamia, na ulimi wake haukuogopa watu. Alivaa gomesi yake ya kijani, lile gauni refu la heshima, akasimama kulia kwa mzee, upande wa sikio ambalo lilikwisha kustaafu, akaanza kazi. Na kwa miezi saba, tusimwonee, alitafsiri kwa uaminifu.

Kisha akaja Olupot.

Akongo alikuwa na mtoto mmoja tu, Phiona, mwalimu wa nasari, miaka ishirini na minne. Baba yake, Odwori, alikuwa dereva wa lori. Aliondoka asubuhi moja kupeleka saruji Juba, na kilichorudi ni jeneza. Phiona alikuwa na miaka sita. Alikulia mikononi mwa bibi zake wa Kisamia wakati mama yake akishinda sokoni, na ndiyo maana Kidhopadhola alikijua cha salamu tu.

Olupot alikuwa Mteso, askari wa kambi ya Rubongi, kijana mrefu wa maneno machache. Hakunywa. Hakuwa na mke mwingine aliyefichwa mahali. Hilo ndilo lililomuudhi Akongo, maana angekuwa mlevi kazi ingekuwa rahisi. Alikuja na wajomba zake wakaongea na Okochi, mdogo wa marehemu Odwori, ng'ombe wakafika, harusi ikawekwa Desemba. Hata adabu alikuwa nayo ya kuudhi. Desturi inasema mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala haingii chumbani mwake, basi Olupot akija kusalimia alisimama nje, nyuma ya ukuta wa jiko, amegeuza mgongo, akauambia mpapai, "Mama, umeamkaje?"

Lakini alikuwa askari, na askari hupangiwa zamu ya kwenda Somalia. Akongo alipomfikiria Phiona akiwa mke wa mtu yule, aliona lori likirudi na jeneza. Aliliona mchana, akipima mahindi. Aliliona akisuka nywele. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akafunga siku tatu na kuomba. Aliomba jambo moja: kijana yule aondoke. Hakumwuliza Mungu anataka nini. Alimpa maelekezo, kama mtu anayemtuma boda dukani, kisha akakaa kungoja mzigo.

Jumapili iliyofuata, mwezi wa nane, Phiona na Olupot walikaa benchi la tatu. Mzee Olweny alihubiri juu ya Ibrahimu aliyetoka nyumbani kwao bila kujua aendako. Alihubiri vizuri, akishika fimbo yake kwa mikono miwili. Alipofika mwisho akasema, kwa Kidhopadhola, taratibu:

"Msimzuie anayetoka. Mungu wa hapa ndiye Mungu wa huko aendako. Na wewe mama, mfungulie mtoto mkono."

Akongo alihisi kama amezabwa kofi mbele za watu. Alikuwa ameagiza kitu kimoja na Mungu amemletea kingine. Mzee alikuwa anamngoja. Watu walikuwa wananyoosha shingo. Phiona alikuwa anamtazama, na usoni mwake kulikuwa na furaha kidogo, kama aliyekwisha kuhisi kwamba neno linalokuja ni zuri.

Ulimi wa Akongo ukafanya ulichozoea kufanya.

"Si kila anayetoka ametumwa na Mungu," alisema. "Wako wanaoitwa na tamaa, wakadhani wameitwa na Bwana. Mama amekushika mkono. Usiuvute."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, maana aliona watu wameguswa. Kanisa likasema amina. Bati halikuanguka.

Nyumbani, Phiona alimenya viazi vitamu. Akongo alizunguka pale uani, akaokota ufagio, akauweka, akauokota tena.

"Mama," Phiona alisema mwishoni, "leo ni kama Mzee alikuwa anasema na mimi."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Ilikuwa wazi kama geti la mpaka saa sita mchana, na Akongo aliiona. Angesema, mwanangu, nilikosea pale, mzee alisema hivi. Ingemgharimu aibu ya dakika tano.

"Mungu anajua watu wake," alijibu.

Jumapili mbili baadaye mzee alihubiri juu ya mpanzi na mbegu. Phiona alikuja peke yake. Olupot alikuwa zamu. Safari hii Akongo hakuteleza. Alijua tangu alipoamka kwamba atafanya. Mzee alipofika kwenye mbegu iliyoanguka penye mwamba, yeye akaongeza ya kwake: "Yuko binti hapa. Moyo wake uko kambini. Bwana anasema, binti yangu, mlango huo si wako."

Phiona alifunika uso kwa viganja akalia. Wanawake waliokuwa karibu wakamshika mabega, wakimtukuza Mungu anayeona sirini.

Wiki hiyo uchumba ulivunjika. Okochi alikuja akafoka uani kwamba ng'ombe wa watu hawarudishwi kwa ndoto za kanisani, na Phiona akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Baba mdogo, Mungu amesema." Nani angejibu hilo? Ng'ombe wakarudi kwa wajomba zake Olupot.

Mama alikuwa ameshinda. Alijiambia hivyo akiwa sokoni, alijiambia akiwa njiani. Lakini alianza kuogopa mambo ya kijinga. Aliogopa radi. Aliogopa mtu akimwita jina kwa nyuma. Aliogopa kuokota Biblia na kuifungua, isije ikafunguka pabaya.

Mwezi wa kumi na moja Olupot alikuja kuaga. Akongo alikuwa jikoni, peke yake, akasikia viatu vizito, kisha kukohoa, nyuma ya ule ukuta.

"Mama, umeshindaje?"

Akachungulia kwenye ufa. Kijana alikuwa amesimama pale pale, amegeuza mgongo, anautazama mpapai. Hakuwa mkwe wa mtu tena. Hakuna desturi iliyomdai adabu ile.

"Nimeshinda salama," alisema Akongo.

"Mimi nakwenda Somalia wiki ijayo. Nilikuwa nimeomba mkubwa wangu aniruke hii zamu, juu ya harusi. Sasa harusi hakuna, nikaona haina maana nikae. Nimeondoa ile ombi." Akagusa shina la mpapai. "Phiona alinieleza. Mimi sina hasira, mama. Kama Mungu amesema, mimi ni nani? Nilikuja tu kuaga. Uniombee."

Akongo alishika mwiko kama aliyeshikilia mti katika mafuriko. Neno moja tu lingemgeuza yule kijana. Lakini alipoliona lile neno aliona na yanayolifuata: Phiona, Okochi, kanisa zima, mzee.

"Nitakuombea," alisema.

Na hakumwombea. Alijaribu, lakini kila alipotaja jina lile mbele za Mungu alijisikia kama mwizi anayerudi kusalimia nyumba aliyoivunja.

Mtu angedhani hapo aliacha. Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Akongo alikuwa na hofu mchana na usiku, na bado, kila Jumapili akisimama kulia kwa mzee, ulimi ulimwasha. Ikaanza kwa mambo madogo. Mungu akawachukia wanaomwaga maji machafu kwenye njia ya jirani, na Aidah, jirani yake, akaacha. Mungu akasema baa ya pale njiani ipunguze muziki. Akawakemea wanunuzi wanaowaruka madalali na kwenda moja kwa moja kwa mkulima. Ukimsikiliza Mungu wa kanisa lile kwa makini, ungegundua kwamba alizaliwa Nagongera, alifiwa mapema, alipenda usafi, na alikuwa na wasiwasi mwingi juu ya binti yake.

Na watu walimpenda! Kanisa lilijaa. Wakenya walivuka kwa makundi kuja kumsikia yule mzee wa Nabuyoga anayetaja mambo ya watu waziwazi. Mabenchi yaliongezwa. Mzee Olweny mwenyewe alishangaa. Siku moja alimwuliza Akongo njiani, "Nyara, mbona nikisema habari za kupanda mtama watu wanalia?" Nyara, binti yangu, ndivyo alivyomwita siku zote. Akongo alimjibu kwamba watu wa mjini wana majonzi ya shamba. Mzee akasikitika kwa ajili yao.

Kisha siku moja akaingia Aboth, fundi baiskeli, Mpadhola wa kwao kabisa, akakaa nyuma. Akongo alipomwona, maneno yalimkauka. Siku hiyo alitafsiri neno kwa neno, na watu wakaona mahubiri yamepoa. Jumapili ya pili akajizuia. Ya tatu akashindwa. Alidhani Aboth amesinzia. Baada ya ibada yule fundi alimfuata hadi kwenye kivuli cha choo cha kanisa, akijifuta meno na kijiti.

"Dada, mzee wetu anahubiri kwa ufupi," alisema, "lakini akifika kwa Kiswahili anakuwa mrefu."

Akongo alitazama huku na huku kama kuna aliyesikia.

"Mimi sina neno," Aboth aliendelea. "Wewe ni mtu wetu. Nasikia tu mwezi kesho wanachagua wazee wa kanisa. Mungu hawezi kukumbuka fundi baiskeli?"

Mungu akamkumbuka. Jumapili iliyofuata alisema kwamba atainua mtu mwenye mafuta mikononi, na kanisa halikuhitaji kuambiwa mara mbili. Aboth akawa mzee wa kanisa, akakaa mbele na suti ya kuazima, akimkonyeza mkalimani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Akongo ilikuwa fupi na tena imepata mlinzi getini.

Phiona naye alikuwa amebadilika. Alikonda, akawa mtulivu mno. Hakukosa ibada. Alisikiliza kila neno ameinamisha kichwa, na ilikuwa vigumu kwa mama yake kumtazama, maana hakuna aliyewahi kumsikiliza Akongo kwa utii kama ule alipokuwa akisema kwa jina lake mwenyewe.

Ikafika mwezi wa tatu, Jumanne. Akongo alikuwa sokoni aliposikia redio ya kibanda cha jirani ikisema kwamba kambi moja huko Somalia imeshambuliwa alfajiri. Wako waliokufa. Majina hayatatajwa mpaka familia zijulishwe. Alikaa juu ya gunia. Mnunuzi alikuwa anamwambia kitu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba Akongo hakuelewa Kiswahili.

Alipofika nyumbani Phiona alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili.

"Nimepigia dada yake, Aguti. Ananiuliza, 'Wewe unauliza kama nani?'" Alimtazama mama yake kwa macho makavu. "Ni kweli. Mimi ni nani? Mimi hawataniambia."

"Mwanangu, tungoje."

"Mimi singoji. Nakwenda kwa Mzee Olweny, Nabuyoga. Sasa hivi. Kuna kitu nataka kumwuliza Mungu, na yeye ndiye Mungu alitumia kuniambia."

"Mzee hajui Kiswahili."

"Utanitafsiria."

Akongo alijaribu kila mlango. Mvua inakuja. Mzee anaumwa. Ngoja Jumapili. Akasema hata kwamba Aboth angefaa zaidi kwa kuwa sasa ni mzee wa kanisa, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake alilimeza haraka, maana cheo hicho alimpa yeye. Phiona alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Walipanda boda mbili, mama nyuma, binti mbele. Walipita Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji ukiwa kushoto, wakashika njia ya vumbi ya Nagongera ambako Akongo alizaliwa na hakuona hata mti mmoja wa kwao. Alikuwa anaomba. Alisema, Mungu, nifanye nini? Jibu likaja upesi, tamu kabisa: nyamaza, mtoto ataumia bure, mzee hajui kitu, utayaweka sawa. Akalijua jibu lile. Ni sauti yake mwenyewe. Akauliza tena, na tena akajijibu mwenyewe. Alikuwa amezoea kumsemea Mungu kiasi kwamba sasa Mungu alipotakiwa aseme hapakuwa na nafasi. Hofu iliyompata hapo juu ya boda haikuwa ile ya kukamatwa. Ilikuwa mbaya zaidi. Alihisi yuko peke yake.

Mzee Olweny alikuwa uani, juu ya mkeka, akichagua mbegu za karanga za kupanda. Alifurahi kuwaona. Alimwita mjukuu alete viti, akakumbuka wote wako shuleni, akaenda kuvileta mwenyewe. Mkewe alikuwa shamba. Phiona hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya karanga.

"Mama, mwambie hivi. Mungu aliniambia nimwache Olupot, na mimi nikatii. Sasa kambi yao imepigwa. Nataka kujua kitu moja tu. Mungu aliniambia nimwache sababu alijua atakufa? Ama sasa anakufa sababu mimi nilimwacha?"

Sauti yake ilivunjika kwenye neno la mwisho. Mzee alimgeukia Akongo, amekinga sikio zima kwa kiganja, akingoja.

Huyu hapa mama, kati ya watu wawili, pale pale alipozoea kusimama. Na usidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Alimwona mtoto wake anavyotetemeka, akataka kitu kimoja tu, kumpoza. Akamwambia mzee kwa Kidhopadhola: "Binti anauliza, Mungu anajua siku ya mtu kufa kabla haijafika?"

"Anajua," alisema mzee. "Mbona anauliza hilo, maskini?"

Akongo akamgeukia Phiona. Akaweka sauti yake ile ya kanisani, ya upole.

"Anasema Mungu alijua. Si kosa lako, mwanangu. Alijua tangu mwanzo, akataka kukuepusha."

Phiona alimtazama mzee, si mama yake.

"Basi amekufa," alisema.

"Hapana, si—"

"Mungu amesema. Amekufa." Akavua kitambaa cha kichwa, akakitandika chini, akaweka mikono kichwani, na kilio kikamtoka, kile cha wanawake wa Kisamia wanapoiona maiti ikishushwa garini. Karanga zikatawanyika. Alimwita Olupot kwa jina. Alimwita mume wangu, ambalo hakuwahi kumwita akiwa karibu naye.

Akongo alisikia kilio kile akakumbuka cha kwake, miaka kumi na minane nyuma. Alifanya yote aliyofanya ili asikisikie. Sasa alikuwa amekileta kwa ulimi wake, na hata maiti haikuwapo.

Mzee alikuwa amesimama, ameshika fimbo. "Umemwambia nini mtoto?" aliuliza. "Nyara! Mimi nimesema neno moja tu. Umemwambia nini?"

Akongo alianguka magotini akamshika Phiona mikono, akaivuta kutoka kichwani kwa nguvu.

"Nisikilize. Nisikilize, hajasema hivyo! Mzee hajui kama amekufa. Hakuna anayejua. Hakuwahi kusema umwache. Siku ile ya Ibrahimu alisema msimzuie anayetoka. Alisema mama amfungulie mtoto mkono. Ni mimi niliyegeuza. Ya mlango pia ni mimi. Mzee alikuwa anaongea habari za mbegu. Mungu hajakwambia kitu, Phiona. Ni mimi, mama yako. Niliogopa."

Kilio kilikatika. Akongo akatamani mtu yeyote aseme kitu, kwa lugha yoyote.

Phiona aliitoa mikono yake taratibu. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama mkeka kama mtu anayehesabu.

"Na ile ya kwamba nisihame nyumbani?"

"Yangu."

"Ya Krismasi? Kwamba mtu akitii hata akilia, Mungu anaandika?"

"Yangu," alisema Akongo. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni.

"Kuna siku nilikaa benchi ya mwisho," alisema Phiona. "Mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeamua sitaamka tena asubuhi kwenda kazini, sitakula, basi. Mzee akasema, 'Wewe unayelia, sijakuacha.' Hiyo ndiyo ilinirudisha. Kila siku naamka na hiyo. Hiyo ilikuwa ya nani?"

Akongo alitafuta. Alilikumbuka benchi la mwisho. Aliikumbuka fimbo ya mzee ikiinuka, midomo yake ikifunguka, na kitambaa cha njano alichovaa Phiona siku ile. Alitafuta sauti na hakuipata. Jumapili zote zilikuwa zimechanganyika, yake na ya mzee, kama mahindi ya wakulima wawili yaliyomwagwa kwenye turubai moja. Angeweza kusema ni ya mzee. Ni neno dogo, na lingemwachia mtoto kitu cha kushika.

"Sijui," alisema. "Mwanangu, sikumbuki."

"Mwulize."

Akageuka, akamwuliza mzee, safari hii neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza. Mzee Olweny alikaa kwenye kiti. Alikuwa amekwisha kuelewa, si maneno, bali jambo lenyewe, na uso wake ulikuwa umezeeka kwa dakika chache. Aliokota karanga moja, akaigeuza kati ya vidole.

"Nimehubiri miaka mingi," alisema. "Huenda nililisema. Mwambie natamani niwe nililisema. Lakini sikumbuki, na siwezi kumdanganya mtoto."

Akongo akamgeukia binti yake. Akapangusa uso kwa upindo wa gomesi ili sauti itoke sawa.

"Anasema huenda alilisema," alisema. "Anatamani awe alilisema. Lakini hakumbuki, na hawezi kukudanganya."

Phiona alimtazama mama yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu watoke Busia.

"Na hiyo," aliuliza, "ni ya kwake ama ni ya kwako?"